Mtoto wa raundi ya kwanza

Basi la shule humchukua binti yangu wa Gredi ya Pili saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sheria inaruhusu? (Mama, Ruaka)

Uliza kwanza anafika shuleni saa ngapi, maana hapo ndipo sheria inapobana. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015, kanuni ya 84, zinaweka masomo ya shule za kutwa, za umma na za binafsi, kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Hakuna shule ya kutwa inayoruhusiwa kumtaka mwanafunzi afike kabla ya saa 1:15. Ila basi ni moja na raundi ni mbili au tatu, na wa raundi ya kwanza ndiye anayeumia. Nawaona kituoni: sweta imevutwa hadi kidevuni, kichwa kimeegemea kiuno cha dada wa kazi, mkate umeumwa mara moja tu. Nendeni kwa mwalimu mkuu wazazi kumi, si mmoja, mkiwa na nakala ya kanuni hiyo.

Kijana wangu wa miaka 16 hapati usingizi hadi saa tano usiku. Ni simu?

Simu inachangia, iondoe chumbani. Lakini mtoto akibalehe, homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka. Anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10. Akiamshwa saa kumi alfajiri, amepata saa tano tu za usingizi. Usimwite mvivu.

Shule zikisogeza masomo yaanze baadaye asubuhi, si vijana watachelewa zaidi kulala?

Mjini Seattle, Marekani, shule za sekondari zilisogeza kengele ya kuanza masomo mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Watafiti waliwavisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kwa usiku. California nayo, tangu Julai 2022, hairuhusu sekondari za juu kuanza kabla ya saa 2:30, isipokuwa baadhi ya shule za vijijini.

Natoka kwenda kazini saa kumi na mbili. Shule ikianza baadaye, nikimwacha mtoto nyumbani, abaki na nani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wanaotetea kengele ya kuchelewa wasilipite. Usijilaumu kwa kumfikisha mapema. Ninachoiomba shule ni lango lifunguliwe, awepo mtu mzima, na mtoto akiegemeza kichwa kwenye dawati aachwe alale. Asiandikiwe hesabu ubaoni saa kumi na mbili na nusu.