Jibu: Kuvaa kilti harusini bila kuwa Mskoti

Salaam mkuu. Umeuliza kama ni kosa kuvaa kilti, ile sketi ya jadi ya wanaume wa Uskoti, kwenye harusi ya huko ilhali huna ukoo huko. Vaa tu. Hakuna sheria inayokukataza tartani (kitambaa cha mirabaraba cha kilti) ya ukoo wowote. Ile marufuku ya 1746 ya kuvaa kilti na tartani ilifutwa 1782. Ukisita, chukua tartani iitwayo Black Watch, huvaliwa na yeyote.

Usichezee mkao wa kilti. Marinda yakae nyuma, upindo ukomee katikati ya goti. Kabla ya kukodi, pima kiuno usawa wa kitovu, siyo pale unapofungia suruali. Wengi hukosea hapo, kilti ikashuka chini ya magoti. Pini ya kilti ishike tabaka la juu pekee kati ya mawili yanayopishana mbele, ukishikanisha yote mawili kitambaa kitachanika ukikaa. Rangi ya soksi ni hiari yako.