Baba anaweza kumwozesha binti bila ridhaa yake?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Niko Tanga. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Baba yake ameshapokea posa ya rafiki yake, na mtoto kutwa analia. Nikisema, naambiwa sisi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwa Shafi baba humwozesha bikra bila kumwuliza. Ni kweli?

Jibu: Wa alaykum salaam warahmatullah, mama yangu. Sikufichi, kauli hiyo imo vitabuni. Huitwa ijbari, yaani haki ya kumwozesha bila ridhaa yake, na ni ya baba na babu tu. Lakini mumeo amesoma mstari mmoja akafunga kitabu. Wanazuoni hao hao wameifunga kwa masharti: pasiwe na uadui baina ya baba na binti, mume awe kufu yake, yaani wa hadhi inayolingana naye, na mahari awe nayo. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafi, anaeleza kwamba Shafi mwenyewe alipendekeza baba asimwoze bikra mpaka abaleghe na amtake idhini, asije akawa mateka kwa mume asiyemtaka. Mahanafi, ambao ni madhehebu nyingine, hawakubali kabisa aliyebaleghe alazimishwe, na Ibn Taymiya, ambaye ni Hambali, kasema vivyo hivyo.

Khansa bint Khidham, mwanamke wa zama za Mtume, aliozwa na baba yake asikotaka, Mtume (s.a.w.) akaivunja ndoa. Mumeo atasema huyo hakuwa bikra. Sawa. Ila katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud yumo binti bikra aliyelalamika hivyo hivyo, akapewa hiari. Wapo walioijadili sanadi ya hadithi hiyo, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini Bukhari na Muslim wamepokea kwamba bikra hutakwa idhini, na idhini yake ni kunyamaza. Kulia si kunyamaza.

Kuhusu serikali, wengi hushikilia Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Wanasahau kuwa sheria hiyo hiyo inataka hiari ya wote wawili. Tena mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vya umri vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo mwaka 2019. Na kuoa mwanafunzi ni kosa la jinai, kifungo chake miaka 30, tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016. Rafiki wa mumeo huenda hajui anachojiingiza.

Posa irudishwe. Ukishindwa, mwendee sheikh atakayeitwa kufungisha, umweleze kabla ya siku yenyewe. Mimi nikiitwa, humwuliza binti faraghani, baba akiwa nje.