Walitoka na simu nne, stakabadhi hakuna

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mwanjelwa. Mwezi wa pili, saa tatu usiku, askari watatu waliingia chumbani kwangu wakidai wanatafuta simu ya wizi. Hati hawakuonyesha. Walipindua godoro, wakamwaga hata debe la mchele wa Kyela alioniletea mama, wakaondoka na simu nne za wateja na shilingi 340,000. Nililala sero siku nne, kisha nikaambiwa niende nyumbani. Jirani anasema Serikali haishtakiwi. Ni kweli?
Fundi, Mbeya

JIBU: Marahaba, fundi. Jirani yako msikilize kwenye bei ya viazi, sheria aachie wengine. Askari hushtakiwa, na Serikali pia, ila mlangoni pana kizingiti na wengi hujikwaa hapo.

Kizingiti ni notisi. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka uwape taarifa ya maandishi unaowadai, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha usubiri siku 90. Ndipo ufungue shauri Mahakama Kuu, kwetu hapa Mbeya, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Kijana mmoja wa Tunduma alinijia shauri lake likiwa limeshatupwa: alifungua siku kumi na mbili kabla ya muda. Lakini usilale nayo pia. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3.

Kwako mimi naanzia kwenye stakabadhi. Anayechukua mali kwenye upekuzi anapaswa kuiandikia stakabadhi, yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi. Mjumbe alikuwepo? Kama hakuwepo, nani alisikia vurugu? Hati ya upekuzi nayo hutekelezwa mchana, labda mahakama iruhusu usiku. Watajitetea kuwa ilikuwa dharura, nawajua, hivyo waulizwe dharura gani ya simu iliyosubiri mpaka saa tatu.

Siku nne za sero zitaonekana kwenye kitabu cha mahabusu, na wakili wako ataomba kiletwe mahakamani. Wewe leta daftari la wateja, lile lenye majina na namba za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu. Bila hilo, simu nne zitabaki maneno matupu.

Na mchele, andika ni kilo ngapi.