Timu sijaiacha, ni uwanja nilioacha

Wakuu, mleta mada ameuliza swali fupi: vurugu za mashabiki zinampunguzia shabiki wa kawaida mapenzi kwa timu yake, au mapenzi ya kweli hayatikisiki? Wengi mmejibu kwamba shabiki wa kweli hahami timu. Ni kweli, hahami. Lakini kuna mambo mengi kati ya kuhama na kubaki, na mimi nimeyapitia.

Timu yangu siitaji. Ni mojawapo ya zile mbili za Kariakoo, Simba na Yanga, na nikiitaja tu nusu yenu mtashangilia, nusu mtanuna, halafu jambo lenyewe litapotea. Nimeirithi kwa mzee wangu. Alipofariki tulifungua sanduku lake, kadi ya uanachama tukaikuta imewekwa pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ndoa. Nimelelewa hivyo.

Miaka minne iliyopita nilikwenda kuangalia derby, mechi ya watani hao wawili, kwenye Uwanja wa Mkapa. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, na shemeji yangu, kaka yake mama watoto. Shemeji ni wa upande wa pili tangu utotoni. Kwetu utani huo ndio unaochangamsha Jumapili. Timu yangu ikifungwa anapiga hodi asubuhi na mapema kuja kunywa chai ya msiba. Siku hiyo alivaa jezi yake, mimi na binti tukavaa zetu, tukapanda daladala moja. Pale jukwaa la mzunguko tulikaa karibu na sehemu pande mbili zinapokutana, ili kila mtu aimbe nyimbo zake bila kumkera mwenzake. Binti alikula karanga dakika zote tisini na alikuwa anamzomea mjomba wake kila mpira ulipotoka.

Tulifungwa.

Tulipotoka getini, kabla hatujafika barabara ya Mandela, kundi la vijana wa upande wangu likamzunguka shemeji. "Vua hiyo!" Mimi nikadhani ni utani, nikacheka. Wakaivuta. Jezi ikachanika kuanzia begani, ikabaki kola tu shingoni mwake kama kamba ya mbuzi, na mmoja akawa anaivuta hiyo kola mpaka shemeji akapiga magoti kwenye changarawe. Nikaingia katikati nikipiga kelele kwamba huyu ni ndugu yangu, niko na mtoto. Nikapigwa kiwiko cha mdomo. Halafu wakapita, wakaendelea na mwingine.

Shemeji alirudi Mbagala na singlendi. Njiani aliniambia jambo moja tu: "Shemeji, usimwambie dada." Na binti, ambaye alikuwa ameshika suruali yangu kwa mikono miwili muda wote ule, akaniuliza kwenye daladala: "Baba, yule kaka si ndiye aliyekuja msibani kwa bibi?"

Ndiye. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kila vurugu zikitokea tunaandika humu kwamba "hao si mashabiki, ni wahuni". Yule kijana ni shabiki. Ni wa tawi letu. Anajua nyimbo zote. Mama yangu alipofariki alichimba kaburi tangu alfajiri na hakuomba hata nauli. Alishakula nyumbani kwangu. Siku ile alinitazama usoni, akanifahamu, na mkono wake haukuachia ile kola. Nikisema si shabiki nitakuwa najidanganya, na tukiendelea kujidanganya hivyo hakuna atakayewahi kuwauliza chochote.

Kilichoniondoa uwanjani, hata hivyo, si kile kiwiko. Mdomo ulipona kwa siku nne. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye kikao cha tawi nikaeleza, bila kumtaja kijana jina, ingawa alikuwepo. Mzee mmoja akasema derby ina presha zake, tusameheane. Mwingine akauliza huyo shemeji alifuata nini upande wetu na jezi ile. Watu wakacheka, wakaingia ajenda ya basi la kwenda Morogoro na mchango wa kila mmoja. Nilitoa mchango wangu. Ndio ulikuwa wa mwisho.

Kwa hiyo mleta mada, jibu langu ni hili: mapenzi kwa timu hayakupungua hata kidogo. Jumamosi kisimbuzi kikiwashwa bado moyo unanidunda, bado tukifunga narukaruka sebuleni hadi jirani anajua matokeo. Kilichokufa ni imani yangu kwa watu niliodhani tuko pamoja. Ile hali ya kumkumbatia mtu usiyemjua kwa sababu ya bao, kumkabidhi mtoto wako ambebe begani ili aone, siiwezi tena. Na timu haijui kwamba imenipoteza. Kwenye hesabu zao mimi bado ni "mamilioni ya mashabiki wetu". Sijahama, sijalalamika redioni, sijachana kadi. Nimenyamaza tu, na hela ya tiketi tatu haifiki tena.

Tuangalie na yale yanayojulikana na wote. Oktoba 2016 Simba na Yanga walipotoka 1-1, Amissi Tambwe wa Yanga alifunga bao ambalo wengi waliona ameshika mpira kwanza, Jonas Mkude wa Simba akala kadi nyekundu kwa kulalamika, na upande wa Simba viti zaidi ya elfu moja vikang'olewa. Wengi tunakumbuka viti. Mimi nakumbuka kilichofuata: serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja. Shabiki wa Yanga ambaye hakugusa kiti akafungiwa, na yule wa Simba aliyekuwa anawasihi wenzake waache akafungiwa pia. Shiza Kichuya wa Simba alisawazisha kwa kona ya moja kwa moja dakika za mwisho, moja ya mabao matamu kuwahi kufungwa kwenye derby, lakini ukiitaja mechi ile leo mtu anakujibu, "ile ya viti?"

Halafu Desemba 2024, Simba na CS Sfaxien ya Tunisia. Kibu Denis anafunga la ushindi mwishoni kabisa, na badala ya watu kwenda nyumbani na furaha yao, viti vinaruka, wageni kwa wenyeji. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamuru Simba icheze mechi moja bila mashabiki, na mechi yenyewe ikawa ile ya Januari 19, 2025 dhidi ya CS Constantine, ya kuamua nani anaongoza kundi. Uwanja wa watu 60,000 ukawa mtupu. Mliiona kwenye runinga? Ulikuwa unasikia kocha anavyofoka na mpira unavyogonga buti. Simba wakashinda 2-0 na kuongoza kundi, na wachezaji wakakimbia kushangilia mbele ya viti vitupu. Nilimfikiria mtu wa Tabora au Lindi aliyekuwa amedunduliza nauli tangu Oktoba ili aione siku hiyo, na ambaye mwezi uliotangulia hakurusha hata chupa ya maji. Nikamfikiria na mama anayeuza mihogo na pilipili nje pale, na yule wa vuvuzela. Kuna adhabu gani ya aliyerusha kiti? Alikaa nyumbani akaangalia runinga kama sisi wote. Shabiki mtulivu akiadhibiwa sawasawa na mwenye fujo, anajifunza kwamba utulivu wake hauna thamani.

Wanaosema fujo ni hamasa, na kwamba Ulaya walikuwa hivyo hivyo na timu zao hazikufa, wasome kidogo yaliyotokea Uingereza. Humu wengi tunazipenda Liverpool, Arsenal na Man United tukidhani viwanja vyao vilijaa siku zote. Msimu wa 1948/49 watu zaidi ya milioni 41 waliingia kwenye mechi za ligi zao. Msimu wa 1985/86 walikuwa kama milioni 16 na nusu. Sababu zilikuwa nyingi, runinga ilikuja, ajira zilipotea, viwanja vilichakaa, lakini woga ulikuwa mmojawapo. Mei 29, 1985, pale Heysel, Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, watu 39 walikufa, wengi wao Waitaliano, ukuta ulipoanguka baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia. Klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya misimu mitano, Liverpool yenyewe sita. Wale waliopungua hawakuhamia timu nyingine. Walikaa nyumbani kama mimi, kila mtu na timu yake moyoni.

Misri ni karibu zaidi na sisi. Port Said, Februari 1, 2012, mechi ya Al Masry na Al Ahly, watu 74 hawakurudi makwao. Ligi ya msimu ule ikafutwa, na kwa miaka mingi iliyofuata mechi zao zikachezwa bila mashabiki au na wachache wa kuhesabu. Kuna watoto wa Cairo waliokua wakiipenda Al Ahly bila kuingia uwanjani hata siku moja.

Na hilo la watoto ndilo linalonikosesha usingizi. Mimi naweza kuipenda timu kutoka kwenye kochi kwa sababu nina akiba: nina Shamba la Bibi, ule uwanja wa zamani wa Uhuru, nikiwa mabegani kwa mzee, nina harufu ya vumbi na sigara zake, nina siku tuliyotembea kwa miguu hadi nyumbani kwa sababu daladala zote zilijaa watu wanaoimba. Mtoto hana akiba hiyo. Binti yangu sasa ana miaka 13. Mechi ikianza anachukua daftari lake anakwenda chumbani. Hachukii timu. Hana habari nayo tu, na kwangu hilo ni zito kuliko angekuwa upande wa mjomba wake.

Kuna aliyeuliza huko juu kama nimewahi kukutana tena na yule kijana. Mwaka jana alikuja nyumbani. Alipiga hodi jioni, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema amekuwa akitaka kuja siku nyingi. Bahati shemeji alikuwepo. Kijana akaomba radhi vizuri, bila kusingizia derby wala bia, na shemeji akampa mkono, akamwambia jezi ilikuwa kuukuu hata hivyo. Haikuwa kuukuu. Mimi pia nilimsamehe, na nilimsamehe kweli. Mama watoto alileta chai. Nikamwita binti aje amsalimie mgeni; akaitika "naja" kutoka chumbani, na hakuja mpaka kijana akaondoka.

Yule mtoto wa watu alifanya peke yake kitu ambacho tawi zima halikukifanya. Wangesema neno moja tu kwenye kikao kile, kwamba jambo hili ni baya na kwetu halifanyiki, nadhani msimu uliofuata ningerudi.

Mwezi uliopita nikajaribu. Nilimwambia binti kuna mechi ya mchana, si derby, twende tukakae viti vya rangi ya chungwa, tutarudi mapema. Aliniangalia kwa muda, akauliza kama mjomba anakuja. Nikasema akipenda atakuja. Akauliza: "Na jezi yake atavaa?"

Bado sijamjibu.