Ukienda Alaska, Nunua Muda wa Kusubiri

Tangu nirudi kutoka Alaska mwishoni mwa Agosti, watu wameniuliza bei, wameniuliza baridi, wameniuliza kama niliona dubu. Hakuna aliyeniuliza tulikuwa wangapi kwenye gari. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Kabla sijahamia Marekani niliongoza watalii kwa miaka tisa, kwanza Kilimanjaro upande wa Machame, baadaye Serengeti na Ngorongoro nikiwa dereva. Najua safari inavyoonekana ukiwa umeshika usukani. Najua pia jinsi mgeni mmoja mwenye haraka anavyoweza kuwakosesha wenzake sita kitu walichokitafuta kwa miaka.

Basi zamu yangu ya kuwa mgeni ilipofika, nilichagua kwa jicho la mtu wa kazi hiyo.

Kampuni ya kwanza niliyoiandikia ilijitangaza kuwa ya "makundi madogo". Nilipouliza idadi, nikajibiwa wastani. Nilipouliza tena idadi ya juu kabisa, wakasema watu ishirini na wanne. Watu ishirini na wanne ni harusi ndogo. Kila mkisimama kwenda chooni, nusu saa imekwisha. Uliza idadi ya juu, na usikubali jibu la wastani. Uliza kama kila mtu ana dirisha lake. Uliza mwongozaji amefanya kazi eneo hilo misimu mingapi, na kama ndiye atakayekuwa nanyi mwanzo hadi mwisho au mtakabidhiwa kwa mwingine njiani. Halafu uliza boti isipotoka kwa sababu ya hali ya hewa mtafanya nini. Kampuni inayoijua kazi yake itakuwa na jibu la hilo siku hiyohiyo.

Niliyoipata mwishowe ilichukua wageni kumi, gari moja, mwongozaji mmoja ambaye pia alikuwa dereva. Siku tisa, zaidi ya dola 4,000 bila tiketi ya ndege. Malazi yalikuwa ya kawaida sana, sehemu mbili tulitumia bafu la pamoja. Sikujali. Pesa yangu ilikwenda kwenye muda: usiku tatu Seward, usiku tatu karibu na Denali, mlima na hifadhi yake, na zilizobaki njiani. Ratiba nyingine nilizoziona zilikuwa na majina kumi na moja ndani ya siku saba. Alaska ni kubwa karibu mara mbili ya Tanzania, na barabara zake ni chache mno. Hata Juneau, makao makuu ya jimbo, huwezi kufika kwa gari kutoka kwingineko. Ukiona majina mengi kwenye ratiba ujue utaiona nchi kupitia kioo.

Nieleze siku ya bahari, maana ndipo nilipoelewa nimelipia nini. Seward ni mji mdogo wa bandari, kilomita 204 kwa barabara kutoka Anchorage, mji mkubwa wa Alaska, na ndio mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords. Meli kubwa za watalii hapo hubeba watu zaidi ya mia. Sisi tulipanda boti ndogo, tukatoka Ghuba ya Resurrection, tukapita rasi ambako mawimbi ya bahari kuu huanza kupiga, tukaingia Ghuba ya Aialik. Kama una tumbo jepesi, meza kidonge cha kichefuchefu saa moja kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka rasi ikutikise utakuwa umechelewa. Njiani tuliwaona fisi-maji wa baharini wakielea chali, mikono kifuani, kama wazee waliojipumzisha barazani baada ya chakula cha mchana. Viumbe hawa waliwindwa kwa ajili ya manyoya yao mpaka wakakaribia kwisha, na kilichowaokoa ni mkataba wa kimataifa wa mwaka 1911.

Mbele ya mto wa barafu wa Aialik nahodha alizima injini. Ni ukuta unaoishia baharini, na ni wa bluu kweli, siyo picha zilizotiwa rangi. Barafu iliyogandamizwa kwa miaka mingi hupoteza mapovu ya hewa. Inaumeza wekundu wa mwanga na kurudisha bluu. Tulikaa. Dakika ishirini hakuna kilichotokea zaidi ya vipande vya barafu kugongana majini kama glasi. Boti nyingine iliyokuja baada yetu ikapiga picha na kugeuka. Mwenzetu mmoja akauliza kama na sisi tunaondoka, nahodha akamjibu kwa upole kwamba muda upo. Ndipo kipande kikubwa kama nyumba kikateleza na kuanguka, kimya kabisa, na mlio ukatufikia baadaye, mzito kama radi. Wimbi likaja likatuinua. Sili waliokuwa wamelala juu ya barafu zinazoelea hawakuinua hata vichwa. Hakuna aliyesema neno pale botini, na mzee mmoja wa kundi letu alikuwa analia.

Hapo sasa niseme kosa langu, msilirudie. Niliamini kwamba mtu aliyefika mara nyingi Uhuru, kilele cha Kibo pale Kilimanjaro, hahitaji kufundishwa kuvaa. Baridi ya Kibo ni kavu. Baridi ya pwani ya Alaska mwezi Agosti imelowa, inaingia kwa mvua ya manyunyu isiyokoma, na juu yake kuna upepo unaoteremka kutoka kwenye barafu yenyewe. Nilivaa jinzi na koti zito la manyoya ya bata. Ndani ya saa mbili jinzi ilikuwa imenyonya maji na koti limesinyaa. Mwongozaji wetu aliniazima suruali ya mvua kutoka kwenye sanduku lake, bila hivyo ningeshinda ndani ya chumba cha nahodha. Nunua koti na suruali visivyopitisha maji kabisa, ndani vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka, na pamba iache nyumbani. Beba glavu mbili, moja italowa. Darubini usiazime ya jirani. Kila mtu na yake.

Kesho yake tulikwenda Exit, mto wa barafu unaofikika kwa miguu. Unateremka kutoka Harding, uwanja wa barafu ambao ukiujumlisha na mito yake unazidi kilomita za mraba 1,800. Kando ya njia wameweka vibao vya miaka kuonyesha barafu ilikuwa inafika wapi: 1917, 1926, 1951. Unatembea kati ya miti mikubwa tu, hakuna barafu ya kuonekana, kibao kinakwambia ilikuwa hapa. Kibao cha 2005. Cha 2010. Na ukifika hapo bado iko mbali, ng'ambo ya mawe na maji ya kijivu.

Nilimpigia Mama simu nikiwa kwenye kibao cha 1951. Kwetu ulikuwa usiku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona upepo hivyo, uko wapi?"

Nikamweleza vibao. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na Kibo wangeiandika hivyo. Nilipoolewa huku Machame, asubuhi ukifungua mlango, nyeupe ilikuwa imeshuka hadi mabegani. Siku hizi ni kofia tu."

Mama hakusoma kokote, lakini vipimo vinamuunga mkono: kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Nimepanda mlima ule na wageni, nikiwaonyesha barafu kwa kidole kama kitu kitakachokuwepo daima. Laiti ningewasimamisha na kuwaeleza. Kwa hiyo ukienda Exit usikimbilie mwisho wa njia kupiga picha. Simama kwenye kila kibao. Mwambie mwongozaji wako mapema kwamba unataka nusu siku nzima pale.

Denali ni habari nyingine. Jina hilo linatokana na lugha ya Wakoyukon, wenyeji wa asili wa Alaska, na maana yake ni "ule mrefu". Una mita 6,190. Lazima mjue ukweli huu kabla ya kulipa: watu wengi hawauoni. Ni takriban mgeni mmoja kati ya watatu tu anayeuona, kwa sababu ya mawingu. Sisi tulioamka chini ya Kibo tumezoea kwamba mlima hujificha mchana na kujitokeza asubuhi au jioni. Denali hauna adabu hiyo, unaweza kujifunika wiki nzima. Nilikaa usiku tatu na sikuuona. Nilikwenda kwa ajili ya bonde na wanyama, hivyo sikurudi mikono mitupu, lakini mtu aliyepanga siku moja tu kwa ajili ya kilele namhurumia.

Kitu kilichonigusa zaidi pale, nikiwa dereva wa zamani wa Serengeti, ni barabara. Ipo moja, ina kilomita 148, na magari binafsi huishia maili ya 15, yaani kama kilomita 24. Utaratibu huo ulianza mwaka 1972, mara baada ya barabara kuu ya Anchorage na Fairbanks kufunguliwa na watu kuogopwa kwamba watafurika. Zaidi ya hapo unapanda basi la hifadhi, hata kama umelipia kundi dogo la kifahari namna gani. Kwa hiyo siku hiyo kundi lenu dogo litakaa kati ya wageni wengine, na kampuni ikikuficha hilo, iogope. Jingine: tangu Agosti 2021 barabara ilifungwa kwenye maili ya 43 kwa sababu ya mporomoko wa ardhi mahali panapoitwa Pretty Rocks, na nilipokwenda mimi ilikuwa bado. Uliza imefunguliwa hadi maili ya ngapi kabla hujalipia ratiba inayotaja Wonder Lake, ziwa lililo karibu na mwisho wa barabara hiyo.

Ndani ya basi, anayemwona mnyama anapaza sauti, dereva anasimama, halafu wote wananyamaza. Hakuna mkono nje ya dirisha. Tulimwona dubu jike na watoto wawili wakila matunda madogo ya buluberi mteremkoni, uwanda wote umegeuka mwekundu kama blanketi la Mmasai, na basi moja tu likimtazama. Nimekuwa kwenye msongamano wa magari thelathini yaliyomzunguka duma mmoja. Nimeona duma akiacha windo lake kwa sababu yetu. Pale kwenye kiti cha basi niliona aibu ya kazi niliyoipenda, na nikatamani wakubwa wa hifadhi zetu wapande basi lile siku moja.

Kuna kulungu wa kaskazini wanaoitwa caribou, jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kusikia ukarimu. Lakini anayepaswa kuogopwa ni moose, kulungu mkubwa kuliko farasi. Huko Alaska huumiza watu wengi kuliko dubu. Mfikirie kama nyati: ukimwona ameinamisha masikio, kimbia ujifiche nyuma ya mti. Kwa dubu kinyume chake, usikimbie kamwe. Ongea kwa sauti, rudi nyuma taratibu. Sheria ya Denali ni mita 275 kutoka kwa dubu. Dawa ya kumpulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege, hata kwenye mzigo wa chini, hivyo mwongozaji ndiye atakuwa nayo. Na ukiwa njiani kati ya Anchorage na Seward, maji yakipwa pale Turnagain Arm, mkono wa bahari ulio kando ya barabara, usishuke kutembea kwenye tope. Ni vumbi laini la barafu, hushika mguu kama saruji, na maji yakijaa hayamsubiri mtu.

Agosti mwishoni niliipenda: mbu wamepungua, nyasi zina rangi, usiku una giza la kutosha kulala. Hata hivyo saa tatu usiku jua lilikuwa bado linawaka. Nilimweleza mwongozaji wetu kwamba kwetu saa huhesabiwa tangu jua lichomoze, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Akafikiri, akasema mwezi Juni ningeshindwa kujua nianzie wapi. Ni mama wa makamo, amefanya misimu kumi na minane, na msimu wote huisha katikati ya Septemba. Bahasha yake ya bakshishi niliijaza kama nilivyotamani wageni wangu wajaze za wagumu wangu, wapagazi wa mlimani. Mjazeni na wenu. Uongozaji ni kazi ya miezi minne au mitano inayolisha mwaka mzima.

Kwa walio nyumbani: chagueni safari inayoanzia na kuishia Anchorage. Zile za meli zinazotokea Vancouver, au za gari zinazopita Kanada, zitakudai viza ya Kanada, na huenda ya Marekani ikabidi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Nafasi za Juni na Julai hujaa miezi mingi kabla, kwa hiyo omba viza kwanza, kisha lipa. Mimi nimeshamwandikia yule mama kuhusu Juni ijayo. Nimeomba viti viwili, na amekubali kutushikia mpaka Mama apate jibu la ubalozi.