Unataka kutafiti habari za magrupu ya WhatsApp Mbeya? Usikae geto na bando

Kuna wadogo zangu watatu wa chuo wamenifuata inboksi kwa nyakati tofauti wanauliza nilifanyaje ile risechi yangu ya habari za mtaani, yaani hizi ambazo mtu wa kawaida tu anapiga picha na simu anarusha kwenye grupu na nusu saa baadaye Mbeya nzima inajua kabla redio haijasema kitu. Nimeona niandike hapa mara moja, na nianze na nilivyochemka.

Mimi nilidhani ni kazi ya kukaa geto. Nikajiunga magrupu 11, ya Mbalizi, Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu mpaka Tunduma huko, nikawa napiga skrinishoti kila kinachopita, ajali Iwambi, mtoto kapotea, bei ya viazi, misiba, kila kitu, miezi mitatu mpaka simu ikagoma ikabidi ninunue memori kadi. Nikampelekea supavaiza. Akafungua ya kwanza akauliza "hii aliyeipiga nani?" Sijui. Ya pili? Sijui mwalimu. Akaniambia kijana umekusanya mwangwi, nenda katafute aliyepiga kelele. Siku hiyo nililala na viatu.

Afu kuna kosa lingine baya zaidi. Ruhusa nilimwomba adimini peke yake, nikajiona nimemaliza. Jamaa mmoja akashtukia, akaandika mbele ya watu "we nani na meseji zetu unampelekea nani", dakika tano nyingi nikawa nimetolewa, na kiukweli alikuwa na haki kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, namba ya mtu na sura yake sio mali ya risechi yako. Kwa hiyo beba barua ya chuo, pita kwa katibu tawala mkoa, wilaya, shuka kwa mtendaji wa kata, na bado ukifika kwenye grupu jitambulishe mwenyewe na umwombe kila mtu unayetaka kumnukuu. Majina usiandike, mimi nilikuwa naandika kodi tu kama U4, M7, basi.

Na usiwashangae watu wakikukwepa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwenye taarifa za uongo inataja faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote, afu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, hata mwenye blogu akatakiwa leseni ya milioni nzima kwa mwaka. Mzee mmoja Mafinga nilipomweleza ninachotafuta aliniuliza kitu kimoja, kama namkumbuka Daudi Mwangosi. Ni yule mwandishi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliyeuawa akiwa kazini pale Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, na 2016 askari mmoja akafungwa miaka 15. Mzee akasema "huyo alikuwa mwandishi kabisa anajulikana, sasa mimi na kasimu kangu?" Sikuwa na jibu, nikanywa chai yangu.

Sasa njia iliyonisaidia. Chukua habari moja tu, irudishe nyuma mkono kwa mkono. Unamuuliza aliyetuma, dada hii umeitoa wapi, unaenda kwa huyo aliyetajwa, unauliza tena. Inachosha na inakula nauli, usijidanganye.

Mfano ilizunguka picha ya moto wa soko la SIDO pale Mwanjelwa, "SIDO inaungua sa hivi". WhatsApp inafuta tarehe ya ndani ya picha kwa hiyo huko hupati kitu (ukimpata mwenye picha halisi mwambie akutumie kama dokyumenti, ndo tarehe inabaki). Google Lens nayo ikaniletea masoko ya nchi za watu. Aliyemaliza kesi ni dereva boda wa Mwanjelwa, kaangalia sekunde kumi: "Braza, magari yote hapa ni namba B, C na D, unapigaje picha barabara hii leo ukakosa namba E?" (Herufi za pleti zinaenda kwa mpangilio, E zimekuja baada ya D.) Nikaenda SIDO kwa fundi cherehani mmoja, akacheka kwa uchungu, akasema hiyo ni ile ya 2017, na hilo bati lililokunjika ni la kwake.

Nyingine ni video ya ajali Uyole. Kila grupu lina idadi yake ya waliokufa. Nilirudi nyuma mikono saba nikaangukia kwa mama muuza ndizi pale njia panda ya Tukuyu. Shikamoo mama, hii video ni yako? "Marahaba mwanangu, ni yangu, kwani imefika wapi?" Hata grupu hayumo! Alimtumia mdogo wake tu aliyekuwa anashuka na gari la ndizi toka Rungwe, ajue kuna foleni asije akaziivishia njiani. Maiti hakuona hata mmoja. Idadi iliongezwa kwenye mkono wa tatu, na huyo wa tatu nilipompata akasema alihisi tu, jinsi gari lilivyokuwa.

Hapo ndo risechi yangu ilipoanza, maana maswali yangu yote yalikuwa "kwanini unaripoti habari" wakati yule mama hakuripoti chochote, alikuwa anaokoa ndizi. Nikafuta dodoso lote nikaandika upya.

Mama bado ananitumia voisi kila Uyole ikifunga. Sijaforwadi hata moja.