Shangazi kaniuliza kama kimbunga kitanipita

Shangazi, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa uwanjani kwetu pa magari, nafunga turubai kwa kamba. Umeuliza, "Mwanangu, hicho kimbunga cha Japani kitakupita au kitakupiga?" Na nyuma yako nikamsikia binamu akidakia, "Watu wanaotengeneza Toyota washindwe na upepo?" Nawajibu wote wawili, na safari hii sipunguzi kitu.

Kitapita wapi, bado haijulikani. Sasa hivi kiko kusini, upande wa visiwa vya Ogasawara, kama kilomita 1,000 kutoka hapa Chiba. Idara ya hali ya hewa hutoa ramani mpya kila baada ya saa tatu, na mbele ya kimbunga huchora miduara. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani mduara ukiwa mkubwa, basi kimbunga kimenenepa. Kumbe ule ni mashaka ya wataalamu wenyewe: kitovu kina nafasi ya asilimia 70 kuwa humo ndani, na kadiri siku inavyokuwa mbali ndivyo mduara unavyovimba. Mimi siku hizi naangalia jambo moja tu, Chiba iko mkono gani wa njia yake. Mkono wa kulia ndio mbaya, kwa sababu huko upepo na mwendo wa kimbunga chenyewe vinajumlishana.

Hilo nilifunzwa na namba 15 ya mwaka 2019. Wajapani huvihesabu tu. Kimataifa kile kiliitwa Faxai. Usiku wa kuamkia Septemba 9 nililala mapema, nikiwacheka Wanepali ninaokaa nao kwa kujaza maji kila sufuria. Alfajiri nyumba ikawa inalia kama jahazi kuukuu. Mjini Chiba walipima upepo wa mita 57.5 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kule Ichihara nguzo za wavu wa uwanja wa kufanyia mazoezi ya gofu ziliangukia mapaa ya watu.

Lakini upepo uliisha asubuhi ileile, shangazi. Kazi ilianza jua lilipotoka. Nyumba zaidi ya laki tisa hazina umeme, na joto la Septemba hapa ni la kukaanga. Siku mbili za kwanza nilijiona bingwa: mtoto wa Mtwara, mgao wa umeme nimekua nao, kuoga kwa kopo kwangu si habari. Siku ya tatu ubingwa ukaisha. Pampu ya maji haifanyi kazi, simu imezima, duka halina hata mkate, na uwanja wa magari umefungwa. Nalipwa kwa saa, kwa hiyo siku ya kimbunga ni siku isiyo na hela. Umeme ulirudi siku ya nane. Mwezi ule sikutuma kitu nyumbani, nikasingizia benki.

Haukupita hata mwezi na nusu, Oktoba 12, ikaja namba 19, Hagibis. Mjini Hakone ilinyesha milimita 922.5 kwa siku moja, mvua ambayo Dar es Salaam huingoja karibu mwaka mzima. Binamu, uliuliza kama watashindwa na upepo. Kule Nagano mto Chikuma ulivunja kingo zake na treni 10 za mwendo kasi zikakaa majini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Usiku huo simu yangu ililia kwa onyo na sikuweza kulisoma. Miaka mitatu Japani, na Mnepali ndiye aliyenitafsiria kwamba watu wahame. Hilo ndilo jambo ninaloona aibu kulisema.

Na kuna la mwaka uleule ambalo mama hajui kama nalijua. Aprili, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakaribia na Mtwara ikaambiwa ijihadhari, nilipiga simu usiku kucha. Babu alishatusimulia kile cha Lindi cha 1952, kwa hiyo mimi sikuwa mtu wa kuambiwa kwamba kwetu vimbunga haviji. Mama akanijibu, "Hapa ni mvua tu, mwanangu, lala." Kenneth kikaishia Cabo Delgado, Msumbiji, na miezi kadhaa baadaye dada akaropoka kwamba siku ile mama alikuwa amehamia kwa mjomba, mbali na bahari, godoro kichwani. Septemba mama alipopiga yeye, nimekaa gizani natoka jasho, nikamjibu neno kwa neno: ni mvua tu. Sijui alicheka au alinyamaza, chaji iliisha.

Binamu, kwa vile nakujua unatafuta gari: kimbunga kikishapita, magari yaliyozama huingia mnadani kwa bei ya kutupa. Kwenye karatasi ya mnada huandikwa kwamba yaliingia maji. Usitume hata senti kabla hujaiona karatasi hiyo na mtu wa kukusomea.

Leo tumehamishia magari uwanja wa juu, 40 na kitu, na mgongo unanikumbusha. Beseni la kuogea limejaa maji, simu iko kwenye chaji. Nangoja ramani ya saa tatu usiku. Kwenu itakuwa saa tisa alasiri. Mama akiuliza kabla ya hapo, shangazi, mwambie ukweli: mduara bado mkubwa.